Kikundi chetu cha vijana Uyole: mkopo wa halmashauri tuombee karakana au viazi?

FundiGrenda

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa nyie wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe ambao mmeshapita njia hii.

Tuko vijana saba, wa Uyole na Igawilo. Wanne ni mafundi wa kuchomelea vyuma, mimi nikiwemo. Mmoja ni fundi rangi. Wawili wanalima viazi mviringo kwenye mashamba ya wazazi wao Umalila. Tulianza kama kikundi cha kuchangishana kila Jumamosi, tukazoeana, sasa tunataka kuomba ule mkopo wa vijana unaotolewa na halmashauri kutoka kwenye asilimia 4 ya mapato yake ya ndani. Afisa maendeleo wa kata ametupokea vizuri, katuelekeza tuandike katiba, tuchague viongozi na tufungue akaunti ya benki. Hayo tunaendelea nayo.

Shida iko ndani ya kikundi. Wakulima wanasema tuombee viazi, kwa sababu ndani ya miezi mitatu minne pesa imerudi. Sisi mafundi tunataka karakana. Leo hii tunachomelea kwa mashine za watu, faida kubwa inabaki kwa mwenye mashine. Tukipata mashine mbili za kuchomea, grenda, mashine ya kukatia vyuma na drili ya kusimama, tunajitegemea.

Wiki iliyopita likaja wazo la tatu. Tuandike karakana kwenye andiko la mradi, pesa ikitoka tugawane sawa kwa sawa, kila mtu afanye lake na arejeshe fungu lake. Wengi wameanza kulipenda maana linamaliza ubishi. Mimi ndiye katibu, andiko nitaliandika mimi, na moyo wangu unakataa. Nikisema hivyo naambiwa naringia ukatibu.

Mambo mengine matatu. Mwenzetu mmoja amehamia Mbalizi. Mwingine ana miaka 38, tunaogopa atatuharibia. Na fundi wetu aliye bora kuliko sote hana cheti hata kimoja, ufundi kaupatia gereji. Je, haya yanaathiri maombi?

Kiasi tunachofikiria ni milioni 14. Nipeni ukweli, hata kama unauma.

Ndaga_Tukuyu

Katibu, hilo la kugawana usiliandike. Moyo wako uko sahihi.

Mtafutaji255

Achaneni na halmashauri. Nendeni BBT mkapewe shamba na maji ya umwagiliaji bure.

MwanaIgurusi

Mtafutaji255, tusimpeleke mwenzetu mahali ambapo si pake. BBT, yaani Jenga Kesho Iliyo Bora, ilizinduliwa Dodoma Machi 2023. Waliomba zaidi ya vijana elfu ishirini, awamu ya kwanza wakachukuliwa 812. Walisambazwa kwenye vyuo vya kilimo kwa mafunzo ya miezi kadhaa, kisha mashamba waliyotayarishiwa yakawa huko Dodoma, Chinangali na Ndogowe. Ni mpango wa mtu mmoja mmoja aliyeamua kuhama nyumbani na kuwa mkulima wa kudumu. Hao wawili wanaolima wanaweza kufuatilia matangazo ya Wizara ya Kilimo kama wanataka kweli, ila huwezi kulichukua kundi la wachomeleaji wa Uyole ukalihamishia kwenye shamba la umwagiliaji kwa sababu tu kuna mpango wa serikali.

Hilo ndilo kosa naliona kwa vijana wengi wa kwetu. Tunasikia jina la mpango, tunakimbilia, hatuulizi mpango ule ulitengenezwa kwa ajili ya nani. JKT ina watu wake, mafunzo ya uanagenzi yana watu wake, mkopo wa halmashauri una watu wake. FundiGrenda, nyie mna kazi mkononi tayari. Mkopo wa halmashauri ndio wenu.

KamweneKilolo

Kamwene ndugu wa Mbeya. Niongelee hili la kugawana, nimelishuhudia.

Kijijini kwetu Kilolo kuna kikundi kiliomba pesa ya ufugaji wa kuku wa mayai. Mdogo wangu alikuwa mwenyekiti. Pesa ilipoingia walikaa kikao kimoja tu, wakagawana. Mmoja akanunua pikipiki ya mtumba, mwingine akalipa mahari, mwingine akapanda mahindi, wawili wakanunua kuku kweli. Miezi ya mwanzo kila mtu alileta fungu lake. Pikipiki ikaharibika, huyo akaacha. Wa mahari hakuwa na chochote cha kuzalisha, naye akaacha. Waliobaki wakauliza, kwa nini sisi tulipe na wale hawalipi? Wakaacha wote, hata wale wenye kuku waliokuwa wanataga.

Halmashauri haikumjua mwenye pikipiki wala mwenye kuku. Mkataba ulikuwa wa kikundi, waliosaini ni viongozi. Barua zilikuja kwa mdogo wangu. Maafisa walipokuja kukagua banda la kuku hakukuwa na banda. Aliuza miti yake ya mbao ambayo ilikuwa bado michanga, kwa bei ya hasara, ili apunguze deni. Mti wa mbao ukiukata kabla ya wakati umeuza kuni.

Na kaka, wanaosema unaringia ukatibu, waambie hivi: anayetaka mgawo asaini yeye kama mwenyekiti na katibu. Utaona nani atanyoosha mkono.

BintiWaNzovwe

KamweneKilolo pole kwa mdogo wako. Nina swali kwa mleta uzi. Kati ya hao saba wasichana wangapi?

FundiGrenda

BintiWaNzovwe, mmoja. Ndiye fundi rangi. Ana mkono mzuri sana, geti akilipiga rangi linauzika.

KamweneKilolo ndaga fijo, asante sana kaka. Nitawasomea ulichoandika kikaoni.

MamaViazi

Mwanangu, mimi ni mama mkulima wa Isangati, nimelima viazi tangu sijaolewa na nimesomesha kwa viazi. Kwa hiyo nikisema msiombe mkopo huu kwa ajili ya viazi, usidhani naidharau kazi.

Hao wenzenu hawakudanganya kuhusu miezi mitatu minne. Lakini waulize maswali haya.

Pesa itatoka lini? Viazi vyetu vya mvua vinatakiwa viwe ardhini mvua zinapoanza, Novemba na Desemba. Serikali inaanza mwaka wake Julai. Mpaka tangazo litoke, vikundi viombe, kata ikae, kamati ya halmashauri ikae, watu wakaguliwe, mikataba isainiwe, unaweza kuishika pesa Februari au Machi. Aliyepanga kupanda Novemba atafanya nini? Ataitia mfukoni, na pesa ya kikundi ikikaa mfukoni haikai muda mrefu. Karakana haingoji mvua. Mashine ukiinunua Machi inaanza kuchomelea Machi.

Swali la pili, mbegu. Ukitaka viazi vya biashara unatafuta mbegu safi, na hapo TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, mko nao jirani, nendeni mkaulize. Mbegu ndiyo gharama kubwa kuliko zote shambani, ndiyo maana vijana wengi huokota viazi vidogo sokoni na kuvipanda. Ndani yake wanaleta mnyauko. Unaona mche umenawiri asubuhi, mchana umelala kama umemwagiwa maji ya moto. Mnyauko wa bakteria hauna dawa ya kupuliza, na udongo ukishaambukizwa unakaa nao misimu kadhaa. Inabidi ulaze viazi, upande mahindi au ngano. Bado ukungu wa majani, huo wakati wa mvua nyingi na baridi unapiga dawa karibu kila wiki, ukichelewa shamba lote limeungua.

La tatu, bei. Tunavuna sisi, wanavuna Njombe, wanavuna Makete, wote kwa pamoja. Magari yanajaa njia ya Dar. Mnunuzi anakuja na gunia lake la lumbesa, juu kashonea kilemba, wakati sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Mkulima mwenye deni hana nguvu ya kukataa lumbesa. Mwenye deni anauza siku anayodaiwa, asiye na deni anauza siku bei ikikubali.

La mwisho ndilo kubwa. Mashamba ni ya wazazi. Kikundi kikiweka milioni kwenye shamba la baba wa mmoja wenu, halafu baba akafariki au wajomba wakagombana, kikundi kitashika nini? Mashine ya kuchomea mnaibeba mnaondoka.

Wale wawili wasiachwe lakini. Wana akili ya kulima na kuuza, na kuuza nyie mafundi mnakuhitaji. Halafu viazi na karakana havigombani: mikokoteni, matoroli, milango ya maghala, meza za kuchambulia viazi, vyote vinachomelewa. Huku juu tunanunua matoroli yanayotoka mjini na kuvunjika msimu mmoja. Wenzenu wanajua mkulima anataka toroli la namna gani. Hiyo ndiyo kazi yao kwenye kikundi.

FundiGrenda

Shikamoo mama. Hilo la matoroli hatukuwahi kulifikiria, nakuambia ukweli. Tulikuwa tunawaza mageti na madirisha tu, na mageti Uyole kila kona kuna fundi.

MtendajiMstaafu

Nimefanya kazi ya utendaji wa kata kwa muda mrefu katika nyanda hizi, nimestaafu. Nijibu maswali ya kijana kama alivyouliza.

Umri. Zamani kikomo kilikuwa miaka 35. Kanuni mpya za 2024 zimekipandisha mpaka 45. Huyo wa 38 yumo, msimtoe. Idadi ya chini ya kikundi cha vijana ni watano, kwa hiyo saba inatosha na hata mmoja akitoka mnabaki salama. Kwa watu wenye ulemavu fungu lao ni asilimia 2, na kwao hata mtu mmoja anaweza kukopa.

Wa Mbalizi. Hapa wengi hujikwaa. Uyole na Igawilo ziko Jiji la Mbeya. Mbalizi iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Ni mwendo mfupi wa daladala, lakini ni halmashauri nyingine, mfuko mwingine, kamati nyingine. Mkopo wa Jiji ni kwa wakazi wa Jiji. Mzungumzeni mapema. Ama arudi kuishi huku, ama atoke kikundini kwa maandishi, arudishiwe michango yake, na muhtasari usainiwe. Msimwache jina lake kwenye orodha huku makazi yake ni kwingine. Anaweza kujiunga na kikundi cha huko Mbalizi, hajapoteza haki yake.

Jambo ambalo hukuuliza: mwanakikundi asiwe na ajira rasmi. Kama mmoja wenu ameajiriwa kwa mshahara mahali, semeni sasa.

Sasa kwa nini wanawauliza maswali mengi hivyo. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima, baada ya ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuonyesha vikundi hewa na fedha nyingi ambazo hazikurejeshwa. Ilikaa hivyo mpaka 2024 iliporudi na kanuni mpya. Halmashauri 10 zilipangwa kujaribu utaratibu wa kupitia benki, kwa upande wetu wa kusini Manispaa ya Songea ikiwa mojawapo. Zingine zinaendelea na kamati za halmashauri zilizoboreshwa. Maombi sasa yanaingizwa kwenye mfumo wa Wezesha Portal. Huyo afisa maendeleo wa kata atawasaidia kujisajili humo, na hapaswi kuwatoza chochote. Mkopo hauna riba. Mtu yeyote atakayewaambia kuna asilimia ya kumtoa fulani ili jina lipite, mwombeni aandike hilo kwenye karatasi na kusaini.

Fedha yenyewe mjue inatoka wapi. Siyo msaada wa wafadhili. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani ni ushuru wa mama anayeuza nyanya Mwanjelwa, ni leseni ya duka la Mafiati, ni ada ya stendi. Tangu 2018 jambo hili limo ndani ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, halmashauri haitoi kwa kupenda. Na marejesho ya kikundi kimoja ndiyo mkopo wa kikundi kinachofuata. Nimewaona vijana wazuri wamekosa, si kwa sababu andiko lao lilikuwa bovu, ila waliotangulia walikula.

Kuhusu andiko. Kinachoandikwa ndicho kitakachokaguliwa. Mkiandika karakana, afisa atakuja kuona karakana.

Msema_Wazi_Iringa

Mimi nasema msikope kabisa. Mna mchango wa kila Jumamosi. Nunueni mashine moja kwa pesa yenu, mfanye kazi, mnunue ya pili. Mkopo wa serikali unawafanya vijana waone pesa ni ya bure. Babu zetu walianza bila asilimia 4.

BintiWaNzovwe

Msema_Wazi, ukweli wako ni nusu. Kununua mashine ya kwanza kwa michango ni wazo zuri, naliunga mkono, maana wakaguzi wakija wanakuta kazi inafanyika. Lakini kumwambia kijana aachane na fedha ambayo sheria imemtengea, sikubali. Ushuru wa soko tunalipa na sisi. Tukiiacha haitarudi kwa mama wa nyanya, itachukuliwa na kikundi kingine, pengine hewa.

FundiGrenda, nilikuuliza kuhusu wasichana kwa sababu hii. Huyo dada mmoja mmempa nafasi gani? Vikundi vingi vya mchanganyiko msichana anawekwa mweka hazina kwa sababu «wanawake ni waaminifu», halafu hana sauti kwenye kuamua nini kinunuliwe. Rangi ndiyo inayomalizia kila kazi mtakayouza. Kwenye andiko iwepo kompresa yake na vifaa vyake, siyo mashine za kuchomea peke yake. Kama hamjaliandika hilo, ongezeni.

Na jambo lingine. Mnahudhuria mikutano ya mtaa? Naona vijana tunakumbuka ofisi ya mtaa siku tunapotaka barua ya utambulisho. Orodha ya vikundi inapita kwenye kata, Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani na wenyeviti wa mitaa wamo. Kikundi ambacho mwenyekiti wa mtaa hajawahi kukiona, atakisemeaje? Hapa kwetu Nzovwe tulianza kwenda tukiwa wachache tu. Mara ya kwanza wazee walitushangaa. Sasa wakizungumzia mitaro au taka wanatuuliza sisi tunasemaje, na matangazo ya mikopo tunayasikia siku yanatoka, si mwezi unaofuata. Ni haki yako ukiwa na miaka 18. Ukifika 21 unaweza hata kugombea uenyekiti wa mtaa, na kwenye uchaguzi wa Novemba 2024 vijana walikuwemo.

KamweneKilolo

Naongezea kwa dada. Kijijini mkutano mkuu unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Vijana wasipokuwepo, yanasomwa kwa haraka.

MwalimuMafinga

Samahani nimechelewa kuuona uzi huu, tulikuwa na mitihani. Nina la kusema kuhusu soko, maana wote mmeongelea kupata pesa, na mashine bila kazi ni chuma tu.

Shule za serikali siku hizi madarasa, maabara na vyoo vinajengwa sana kwa fosi akaunti. Maana yake hakuna kampuni kubwa ya ujenzi. Kamati ya shule inanunua vifaa, inatafuta mafundi wa eneo hilo, wanapatana. Madirisha, milango, fremu za madawati, yote ni kazi ya mchomeleaji. Mimi nimekaa kwenye kamati ya mapokezi ya vifaa shuleni kwetu. Tunachotafuta kwa fundi ni vitu vichache: awe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, atoe risiti, awe na akaunti ya benki, na awe na kazi tunayoweza kwenda kuiona. Mafundi wazuri sana tunawapita kwa sababu hawana karatasi. Inauma, kwa kuwa unamjua kabisa kwamba mkono wake ni mzuri kuliko wa yule aliyepewa.

Juu ya hapo, sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Sheria ya 2023 imelibeba hilo. Kikundi kinasajiliwa kwenye mfumo wa NeST, na zabuni zote za serikali sasa zinapita humo. Afisa maendeleo huyo huyo na kitengo cha ununuzi cha halmashauri ndio mahali pa kuanzia. Vijana wengi wanaijua asilimia 4, wachache mno wanaijua asilimia 30. Kwa mawazo yangu, hiyo ya pili ina thamani kuliko ya kwanza, kwa sababu mkopo unarudishwa, malipo ya kazi ni yako.

Ila tahadhari. Serikali ikikupa kazi, malipo yanaweza kuchelewa. Msichukue kazi ya madawati inayomeza mtaji wote huku marejesho yanakuja kila mwezi. Changanyeni: kazi ya taasisi moja, na za watu binafsi wanaolipa siku wanapochukua. Yale matoroli ya Mama ni hayo.

Na huyo fundi asiye na cheti, aende VETA Mbeya aulizie urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hawamrudishi darasani kuanza moja. Wanampima anachokijua kwa vitendo, wanamwongezea palipopungua, kama vile usalama kazini na kusoma michoro, kisha anapata cheti kinachotambulika. Kuna awamu ambazo Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi inawalipia vijana, na kuna ambazo mtu analipa mwenyewe, kwa hiyo aulize ni lini dirisha linafunguliwa. Asingoje kikundi kipate mkopo ndipo aende.

Ndaga_Tukuyu

Mwalimu, huu wa asilimia 30 ungefunguliwa uzi wake. Kuna vijana wa useremala huku Rungwe wanahitaji kusikia hili.

Msema_Wazi_Iringa

Nimesoma ya Mwalimu na ya MamaViazi. Bado nasema waanze na mashine moja ya kwao. Lakini sawa, wakiwa nayo na wana kazi, wakope. Hapo sina ugomvi.

FundiGrenda

Wakuu nimewasoma wote, nashukuru mno.

Jana tumekaa. Niliwasomea ya KamweneKilolo na ya MamaViazi kwa sauti. Wazo la kugawana limekufa, aliyekuwa analipigania alipoulizwa kama atasaini uenyekiti alisema tuendelee na ajenda nyingine. Wakulima wawili wamekubali karakana, kwa sharti kwamba bidhaa ya kwanza iwe toroli la viazi, na tulitengeneze moja la mfano wakalijaribu shambani kabla ya kuandika andiko. Naona ni sharti la haki. Vyuma tutanunua kwa michango, mashine tutaazima kwa bosi wangu Jumapili.

Wa Mbalizi ameamua kutoka. Aliumia kidogo, ila muhtasari umeandikwa na pesa yake atapewa mwisho wa mwezi. Tumebaki sita. Kompresa ya dada imeingia kwenye orodha, na kiasi tumekishusha kutoka milioni 14. Fundi wetu anaenda VETA Jumatatu.

Nina swali moja limebaki. Benki wanauliza watia saini wa akaunti ni nani. Wenzangu wanataka mwenyekiti na mweka hazina tu, wawili, ili isiwe usumbufu. Nyie mmefanyaje?

MtendajiMstaafu

Watatu. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na pesa isitoke bila saini mbili, mojawapo ikiwa ya mweka hazina. Mwenyekiti au katibu akisafiri kazi haisimami, na wawili wakielewana vibaya wa tatu yupo. Liandikeni kwenye katiba kabla ya kuipeleka kwa afisa maendeleo, lisije likabadilishwa siku pesa ikiingia. Na kila mkitoa fedha, kikao kiwe kimeshaamua na kiasi kiko kwenye muhtasari.

MamaViazi

Mwanangu, hilo toroli la mfano gurudumu lake liwe pana. Huku kwetu mvua ikinyesha gurudumu jembamba linazama. Likiwa tayari liletwe Isangati nilijaribu na mimi, likinifaa nachukua mawili.